SMG, AK-47 na wajuaji wa bunduki: tusahihishane lini, tuachane lini

Kila polisi wakiita waandishi waje kuona silaha zilizokamatwa, zile picha za bunduki mbili tatu zimelazwa mezani, magazini pembeni na risasi zimepangwa mafungu mafungu kama karanga za kuuza, na taarifa inasema ni SMG, ujue kesho yake lazima apatikane mtu wa kusema "hiyo sio SMG bwana, hiyo ni AK-47, hawa polisi wetu hata silaha hawazijui". Kauli hii utaisikia kijiweni na utaisikia kwa wasomi, na inasemwa kwa raha kweli kweli, maana hakuna kitu kitamu kama kumkamata polisi kwenye kazi yake mwenyewe.

Na ukienda kwa vitabu vya Kiingereza jamaa ana hoja. SMG, yaani submachine gun, kwa maana ya vitabuni ni kibunduki kifupi cha rashasha kinachopiga risasi za bastola, mfano Sten ya Mwingereza ama Uzi ya Israel. Ile AK-47, yaani ya Mrusi Kalashnikov, haitumii risasi ya bastola, inatumia ya milimita 7.62 kwa 39, ganda la kati, fupi kuliko la bunduki kubwa za zamani lakini lina nguvu nyingi kuliko la bastola. Kwa hiyo ni kundi lingine kabisa, bunduki ya mashambulizi. Mpaka hapo yuko sawa.

Sasa shida inaanza hapa. Mchina alipoanza kutengeneza nakala yake ya Kalashnikov mwaka 1956 aliiita Aina ya 56, na jina lake rasmi la jeshi kwa Kichina linaiweka kwenye kundi la SMG, sio la raifo. Namba hiyohiyo 56 akampa nakala yake ya SKS, ile ndefu ya kufyatua moja moja yenye singe ya kukunja, na akampa tena nakala ya RPD, bunduki ya rashasha ya kikosi. Silaha tatu, namba moja, risasi moja, kilichozitenganisha ni jina la kundi tu. Halafu angalia historia yetu, Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles wanaasi, jeshi linavunjwa, Septemba mwaka huohuo inaundwa JWTZ, na Wachina wanakuja kuwa wakufunzi na chanzo kikubwa cha silaha. Mtu aliyepita JKT leo hii atakuambia bila kufikiri kuna SMG na kuna SAR, SMG ndio hiyo Kalashnikov na SAR ndio hiyo SKS. Mimi naona njia iliyopita haya majina iko wazi, tulichukua bunduki na namna ya kuiita kwa mkupuo mmoja, na sio sisi peke yetu, Pakistan nao walichukua silaha hizohizo kwa Mchina na jeshi lao linaiita SMG mpaka leo.

Kwa hiyo yule polisi aliyeandika "SMG moja yenye risasi 17" hajakosea, ameandika kwa lugha ya kazi yake. Tena msahihishaji ndio kajiingiza kwenye shimo, maana ile iliyoko mezani kwa uwezekano mkubwa AK-47 sio. AK ya mwanzo ilipitishwa na jeshi la Urusi mwaka 1949, ikaja kubadilishwa na AKM ya mwaka 1959 ambayo ni nyepesi na imetengenezwa kwa bati la kukandamizwa na mashine, na nyingi sana zinazozunguka Afrika ni hizo AKM na jamii yake ama hizo Aina ya 56 za Mchina. Tukianza kubanana kwa kalamu nyekundu basi tubanane wote.

Na hata hilo jina "bunduki ya mashambulizi" lenyewe lina vituko vyake. Wajerumani walipotoa ile ya kwanza ya aina hiyo, vita kuu ya pili, waliiita MP 43, yaani waliiingiza kwenye kundi la bastola za rashasha, kundi lilelile ambalo sisi leo tunaliita SMG. Mwaka 1944 ndio likabadilishwa likawa Sturmgewehr, StG 44, jina lenye mbwembwe za propaganda ndani yake, na dunia nzima ikalibeba ikalifanya la kitaalamu. Warusi wao hawakuhangaika, wakasema avtomat, wakamaliza.

Sasa mtu asije akadhani nasema majina hayana kazi na kila mtu aite anavyotaka. Hapana. Ninachosema ni kwamba kabla hujafungua mdomo kumsahihisha mwenzako jiulize hilo neno analokosea likibaki hivyohivyo kuna mtu atafungwa, atakufa ama atakwepa kitu? Kama hakuna, nyamaza, kunywa chai yako. Kama yupo, sahihisha hata kama wataboreka.

Chukua neno bomu. Sisi tunaita bomu kila kitu, bomu la kutupa kwa mkono ni bomu, la ndege ni bomu, na mtungi wa gesi ya machozi nao ni bomu, bomu la machozi. Siku za kawaida haina neno, watu wamekimbia, macho yamewasha, wamenawa maji, maisha yanaendelea. Ila tarehe 2 Septemba 2012 kijiji cha Nyololo, Mufindi, aliuawa Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, kwenye purukushani za polisi na CHADEMA waliokuwa wanafungua matawi. Habari za mwanzo zilizoenea zilikuwa ni za mtu kauawa na bomu. Sasa weka hilo neno kichwani mwa mtu ambaye hakuwepo. Bomu linatupwa. Bomu anaweza kulitupa yeyote, polisi, mwandamanaji, mpita njia, na kweli maelezo ya mwanzo ya polisi yalielekeza kidole upande wa wafuasi wa chama, kwamba kuna kitu kilirushwa kutoka huko.

Lakini kilichomuua ni mtungi wa gesi ya machozi uliofyatuliwa kwa bunduki maalumu kwa karibu sana, tumboni. Ukisema hivyo, kwa maneno hayo, swali linabadilika papo hapo. Huulizi tena nani karusha, unauliza nani pale alikuwa ameshika bunduki ya kufyatulia mitungi, na jibu la hilo swali halina watu wengi, kwa sababu wafuasi wa chama hawatembei na bunduki za gesi. Tena zile bunduki zimetengenezwa mtungi upigwe kwa mbali ukiwa umeinuliwa juu ama uangukie chini mbele ya watu utoe moshi, mtungi ule ukitoka mdomoni mwa mtutu una kasi ya kuvunja mifupa, kwa hiyo umbali nao unakuwa sehemu ya kesi. Picha zikatoka, askari wamemzunguka na mmoja mtutu umemwelekea. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, miaka 15. Sisemi neno lilimfunga, picha na mashahidi ndio walifanya kazi, ila zile siku za mwanzoni neno bomu lilitoa mwanya mkubwa sana wa kupotezea, na mwandishi yeyote aliyekataa kuliandika hivihivi akaandika mtungi wa gesi uliofyatuliwa, huyo sio mjuaji, huyo alikuwa anafanya kazi yake.

Neno lingine ambalo mimi linanikera ni "risasi hewani". Polisi walipiga risasi hewani kutawanya watu. Linasomeka utadhani hewa ndio mwisho wa safari ya ile risasi. Kitu kilichopigwa juu kinashuka, na kikipigwa kwa pembe, mtutu umeinama kidogo tu, hakishuki tu chini ya miguu ya aliyepiga, kinaenda mbali na bado kina nguvu. Februari 16 mwaka 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji, NIT, alikuwa amekaa zake kwenye daladala Kinondoni wakati polisi wanatawanya waandamanaji, risasi ikampata kichwani akafa. Hakuwa kwenye maandamano, hakuwa amebeba bango. Sasa kwenye tukio kama hilo unahitaji kujua ni risasi za moto, za mpira ama baridi, zilipigwa kwa silaha gani, kwa uelekeo gani. "Hewani" haijibu hata moja.

Na hizo baridi nazo tuzungumze kidogo, maana jina linadanganya. Risasi baridi ni ganda lenye baruti ila halina kichwa, linatoa mlio na moto bila kutuma kitu mbali. Watu wanasikia baridi wanajua haina madhara. Mwaka 1984 muigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijiwekea kichwani bastola yenye risasi baridi akifanya mzaha akiwa kazini, akafyatua, ule mlipuko na kizibo cha ganda vikavunja fuvu, akafariki siku chache baadaye. Halafu kuna risasi za maonyesho, ambazo zina kichwa lakini hazina baruti kabisa, za kuonekana tu kwenye kamera. Oktoba 2021 huko New Mexico kwenye utengenezaji wa filamu ya Rust, muigizaji Alec Baldwin akakabidhiwa bastola iliyotangazwa kuwa iko salama, ndani mlikuwa na risasi ya moto imechanganyika na za maonyesho, Halyna Hutchins aliyekuwa anapiga picha akauawa, na mtunza silaha wa ile kazi akahukumiwa miezi 18 mwaka 2024. Aina tatu ambazo kwa mbali zinafanana, na pale uzembe wa kuzitenganisha uliua. Kwenye mazingira hayo mimi ningependa awepo mtu msumbufu kupindukia, wa kusimamisha kazi kila dakika kuuliza hiyo ni ipi.

Kosa jingine ambalo linatakiwa kusahihishwa palepale bila aibu, hata mwenye bastola akiwa bosi wako ama baba mkwe, ni lile la "haina risasi hii, nimeshatoa magazini". Magazini ikitoka umetoa stoo tu. Kama bastola ilishakokiwa, kuna risasi moja imeshapanda kwenye chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, iko mbele ya pini, inasubiri, na bastola nyingi zitaifyatua bila shida yoyote hata magazini ikiwa mfukoni mwako. Utaratibu ni chomoa magazini kwanza, halafu vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, nyuma ile iliyopo chemba iruke nje, halafu iache slaidi nyuma uangalie kwa macho na uingize ncha ya kidole kidogo uhakikishe shimo ni tupu, na muda wote huo mtutu hauangalii mtu. Ukigeuza mpangilio ukavuta slaidi kwanza magazini ikiwa ndani, umetoa moja umepandisha nyingine, halafu unachomoa magazini unajiona umemaliza, kumbe umerudi palepale. Watu wanauawa majumbani hivi, tena na wenye leseni zao halali. Hapo tofauti ya maneno mawili, magazini na chemba, ndio yenyewe usalama, huwezi kumwambia mtu "aah tumeelewana".

Twende kwenye maganda. Habari zetu nyingi zinaandikwa "yaliokotwa maganda manne ya risasi za SMG", kisha aya inayofuata inakuwa "majambazi hao waliokuwa na SMG". Hapo kuna kuruka. Risasi ya SMG na ya SAR ni moja, 7.62 kwa 39, nimeshasema. Ganda lililoanguka chini kwa kulitazama tu haliwezi kukuambia limetoka kwenye ya rashasha ama kwenye ile ya moja moja. Linachoweza kukuambia kwa uhakika ni kaliba yake, na mihuri ya kitako chake inaweza kukuelekeza kiwanda na mwaka. Kujua limetoka kwenye bunduki ipi unahitaji mtaalamu wa maabara aangalie alama za pini na za mtoa ganda chini ya darubini, alinganishe na silaha iliyokamatwa. Mwandishi akiandika SMG kabla ya hapo ameshaamua kesi, maana msomaji akisikia SMG anaona kundi la watu waliotoka vitani, akisikia SAR pengine hasikii chochote. Na gobore ndio kabisa, limetengenezwa kijijini kwa bomba la chuma, linashindiliwa baruti kwa mbele, linapiga mara moja unaanza upya, lakini mkulima wa watu akikamatwa nalo utasikia kwenye taarifa "amekutwa na silaha ya moto", kisheria sawa ni silaha ya moto, ila yule na mwenye SMG mezani wanaonekana ndugu.

Wenzetu Marekani hii ishu wameifikisha mbali mpaka imekuwa silaha ya kisiasa. Mtu anasimama kulia watoto wameuawa shuleni, anakosea anasema AR kwenye jina la bunduki ya AR-15 maana yake ni assault rifle, bunduki ya mashambulizi, wakati AR inatokana na ArmaLite, kampuni iliyobuni ile bunduki miaka ya 50, basi anarukiwa hapohapo, hujui hata jina, kaa kimya. Ama anasema klipu badala ya magazini, anachekwa, mjadala umeisha. Huo mimi siuiti usahihishaji, ni kufunga mlango. Mama aliyefiwa hahitaji kujua sehemu za bunduki ndio apate ruhusa ya kusema hataki ziuzwe kirahisi, mbona hatuhitaji kuwa mafundi magari ndio tulalamikie mabasi yanayoua. Na wasahihishaji wenyewe wana yao, wanakatalia neno silencer, yaani kinyamazishi cha mlio wa bunduki, wanasema sio la kitaalamu, wakati Hiram Percy Maxim aliyekiuza kile kifaa mwanzoni mwa karne iliyopita alikipa jina hilohilo na sheria yao ya shirikisho inalitumia mpaka leo.

Ila hapohapo Marekani kuna upande wa pili ambao wanaotaka udhibiti wa silaha wanapaswa kuusikia, hata kama haupendezi. Marufuku yao ya mwaka 1994 ya bunduki za mtindo wa kijeshi, ukiacha zilizotajwa kwa jina, ilitambua zilizokatazwa kwa kuhesabu vitu vya nje, magazini ya kuchomoa pamoja na viwili kati ya vitu kama kitako cha kukunja, mshikio wa kibastola, mahali pa kufungia singe. Viwanda vikafanya nini? Vikaondoa mahali pa singe, vikaondoa kizuia moto cha mdomoni, vikauza bunduki ileile kihalali, mpaka sheria ikaisha muda wake 2004. Na baada ya mauaji ya Las Vegas Oktoba 2017, watu 60, serikali ikapiga marufuku kile kitako cha kuteleza kinachofanya bunduki ya moja moja imwage kama rashasha, kwa kukiingiza kwenye maana ya bunduki ya rashasha iliyoko kwenye sheria ya mwaka 1934. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikasema hapana, majaji 6 kwa 3, kwa sababu sheria inasema risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la triga, na kwa kile kitako triga inarudi na kubonyezwa upya kila risasi, haraka tu. Jaji Sotomayor akapinga akasema akiona ndege anatembea kama bata, anaogelea kama bata na analia kama bata, yeye anamwita bata. Mimi moyo wangu uko kwa Sotomayor, lakini kesi ilishindwa kwenye maneno, tena maneno ya triga. Anayelalamika aachwe alalamike kwa lugha yake, anayeandika sheria akae chini ajifunze bunduki inafanyaje kazi mpaka skrubu ya mwisho, hao ni watu wawili tofauti na tatizo ni kuwapa mtihani mmoja.

Kuna mtu wa tatu, na huyu ndio nadhani tunamkosea zaidi huku kwetu, naye ni shahidi. Mama kaibiwa dukani usiku, anahojiwa, anasema walikuwa na bunduki. Bunduki gani? Bunduki kubwa. Sasa askari aliyechoka, ama mwandishi mwenye haraka, anamsaidia, "ilikuwa SMG?" Mama anasema ndio, SMG, kwa sababu neno amepewa na mwenye neno anaonekana anajua. Linaandikwa. Miezi nane baadaye yuko kizimbani, wakili wa utetezi anamuuliza kwa upole kabisa, mama, SMG na SAR vinatofautianaje? Hajui. Ulijuaje ni SMG? Kimya. Na pale ushahidi wote wa yule mama, hata zile sehemu alizoziona kwa macho yake mawili chini ya taa, unaanza kuonekana wa kufundishwa.

Kama angeachwa aseme kwa lugha yake angesema ilikuwa ndefu kama mkono, ina mti kwa nyuma, ina kitu kimejikunja kwa chini. Hicho kilichojikunja kwa chini ni magazini, na mtaalamu wa silaha akisimama baada yake anaweza kuieleza mahakama ni bunduki za aina gani zina mti nyuma na magazini iliyojikunja, na zipi hazina.